Kinywa Hakina Shida

Nimesema uongo mwingi maishani. Nimefanya biashara zaidi ya miaka arobaini, na mfanyabiashara anayekuambia hajawahi kudanganya, hapo hapo ameshakudanganya. Lakini uongo ninaoukumbuka ni wa maneno matatu tu. Niliusema nimevaa koti langu zuri, mbele ya daktari, nikimsemea mke wangu ambaye hakuniomba nimsemee.

Nilisoma mpaka darasa la nne, nikaacha. Sijivunii hilo wala silionei aibu. Kila nilichonacho nilikipata kwa mikono hii, na anayetaka Kiswahili cha walimu atafute mwalimu. Nilianza kwa kutengeneza mashine za kumenya kahawa, zile za kuzungusha kwa mkono. Nilipita kihamba kwa kihamba, yale mashamba ya ukoo yenye nyumba ndani, huku kwetu Kirua Vunjo, na spana mbili na nyundo kwenye mfuko wa gunia. Vitu viliporudi madukani, ile miaka ya katikati ya themanini, nikapata mashine ya kuchomelea na kibanda mjini Moshi. Watu wetu walioko Dar walikuwa wameanza kujenga nyumba huku nyumbani, za kulala wiki moja ya Krismasi, na nyumba ya kulala wiki moja inataka geti kubwa kuliko nyumba ya kulala mwaka mzima. Mimi ndiye niliyeyatengeneza mageti hayo. Ukipanda barabara ya kwetu leo, mengi bado yamesimama, na hakuna hata moja lililolegea bawaba.

Watu husema nimejiinua mwenyewe, nami huwaacha waseme. Ukweli ni kwamba mashine ile ya kuchomelea ilitoka kwenye fedha za mbege ya mke wangu.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, kila mwanamke wa huku anajua kuipika. Unachemsha ndizi mbivu, unazilaza siku kadhaa, unazichuja, unachanganya na uji wa ulezi uliotiwa gome chungu la msesewe, unangoja. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuweza ni kingine. Mke wangu alikuwa anaweza. Alikuwa anakamua zile ndizi kwa mikono mpaka makapi yanabaki makavu kama pumba, na mtu akimuuliza siri yake anasema, siri ni kukasirika kidogo unapokamua. Halafu anacheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa, cha kichwa kuangalia juu na mdomo wazi wote, kinavuka mfereji wa maji na migomba ya watu wawili. Jirani yetu wa ng'ambo alisema hahitaji kuulizia mbege imeiva lini, anasikia.

Niliishi na kicheko kile miaka kumi na minne. Baada ya hapo niliishi na yule yule mwanamke bila kicheko kile, na mimi ndiye niliyekizima. Ndiyo sababu naandika.

Mdogo wangu alipotaka kuoa, tulipeleka mbege ya posa kwa wakwe, upande wa juu karibu na msitu. Mke wangu ndiye aliyepika na ndiye aliyebeba. Sasa huku kwetu anayeleta pombe huionja yeye kwanza mbele ya watu wote, ndipo anampa mkubwa wa nyumba. Ni desturi ya tangu wazee, ya kuonyesha kwamba hamkuleta ubaya. Basi mke wangu akapiga magoti, akachota kwa kata, kile kibuyu tunachonywea, akanywa funda moja, akamkabidhi mzee wa nyumba, kaka mkubwa wa baba wa binti.

Mzee akaipokea, akainua, akasimama hapo hapo mkono ukiwa hewani. Akaiangalia kata muda mrefu. Halafu akaigeuza ili sisi wote tuone. Pale mke wangu alipoweka midomo palikuwa na damu. Haikuwa nyingi, ilikuwa uzi mwekundu tu juu ya povu jeupe.

"Meku," akaniambia, maana hivyo ndivyo tunavyoitana wanaume wazima, "mmetuletea pombe au mmetuletea kidonda?"

Vijana wakacheka. Wazee hawakucheka. Shangazi mmoja akanong'ona kwamba damu kwenye mbege ya posa ni neno, si kitu cha kupita hivi hivi. Mke wangu akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, akasema ni fizi tu, zinamsumbua tangu mimba ya mwisho. Alisema bila kuficha, kama mtu anavyosema viatu vinambana. Kata ikaoshwa, mzee akanywa, mambo yakaenda, mdogo wangu akaoa na wana watoto sita. Hakuna kilichoharibika isipokuwa mimi.

Mimi niliona aibu. Nasema wazi. Nilikuwa nimeanza kuitwa mtu, nina kibanda mjini, nina koti, halafu mke wangu anatoa damu kwenye kata mbele ya wakwe. Tulipokuwa tunateremka nikamwambia, kuanzia leo hutaonja tena mbele ya watu, nitaonja mimi. Tulipofika kwenye daraja la miti akauliza kama nimemaliza au kuna amri nyingine. Nikamwambia na ukicheka ufunge mdomo, watu wanaona hizo fizi.

Hilo la pili nililisema kwa hasira tu, na kesho yake nilikuwa nimelisahau. Yeye hakulisahau. Tangu siku ile alianza kucheka midomo imefungwa, mabega yakitikisika, mkono mbele ya uso kama mtu anayezuia chafya. Nami ni mtu wa kelele za chuma. Ilinichukua karibu mwaka kutambua kwamba nyumba imekuwa kimya.

Kwa miaka mingi mbege ya mke wangu niliionja mimi. Watu wa kilabu walinitania. Walisema huyu fundi anamwogopa mkewe, anaonja yeye kwanza ili akifa wajue aliyemuua ni nani. Nikacheka nao. Ilikuwa afadhali wacheke hilo.

Mikono ilianza taratibu. Kwanza asubuhi. Aliamka akakuta vidole havikunjuki, akavikalisha kwenye maji ya moto mpaka jua linapanda, ndipo akaenda kukamua ng'ombe. Alisema dawa nzuri kuliko zote ni kiwele cha ng'ombe, kina joto na hakiulizi maswali. Halafu vifundo vya vidole vikavimba, mikono yote miwili sawasawa, kana kwamba mmoja umeambiwa na mwingine. Halafu pete.

Alikuja nayo kibandani kwangu mjini, siku ya soko, amekaa kwenye gari la mizigo na ndizi za watu. Kidole kilikuwa kimevimba mpaka pete ya ndoa imezama kwenye nyama. Tulijaribu sabuni, tukajaribu mafuta, akauma kanga asilie. Mwisho nikachukua msumeno mdogo wa chuma, nikapitisha kipande cha bati chembamba kati ya pete na ngozi, nikaikata. Nimekata chuma cha kila aina. Ile pete ilinitoa jasho kuliko geti. Ilipofunguka akakiangalia kidole, kina alama nyeupe, akasema, "Haya, Fundi. Sasa niko huru, tafuta posa nyingine." Hilo la Fundi ndilo alilokuwa akiniita tangu tukiwa vijana. Alicheka kile kicheko cha kufunga mdomo. Pete niliichomelea tena ikawa kubwa zaidi, lakini hakuivaa, kidole kilikuwa kimeshapinda.

Watu wote walisema ni baridi. Huku mlimani kila kitu ni baridi. Nikanunua masweta ya mtumba, manene, ya watu wa nchi za theluji. Nikampaka mafuta ya kondoo. Nikajenga nyumba ya matofali ili nimtoe kwenye nyumba ya zamani yenye moshi, nikamweka kwenye sakafu ya simenti. Hapo nilionyesha akili yangu yote. Nyumba ya zamani ilikuwa na moto katikati na ng'ombe pembeni, ina joto kama kwapa. Ile ya simenti mwezi wa saba ni jokofu. Akakaa wiki mbili, akarudi kulala karibu na ng'ombe, akaniachia nyumba yangu.

Mbege akaacha kuipika. Hakutangaza. Siku moja aliweka ndizi kwenye kitambaa, akakamua, vidole vikakataa, akaita mke wa mdogo wangu amalizie. Mara ya pili akamwita tena. Mara ya tatu akamwachia sufuria yote, akaenda kukaa chini ya migomba akiangalia njia. Nilimkuta hapo. Nikamwambia usijali, sasa hatuhitaji mbege, kibanda kinatutosha. Nilidhani nimemfariji. Aliniangalia kama mtu asiye wa hapa.

Ndipo nikampeleka hospitali, ile kubwa ya mjini. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, anashika mikono ya mke wangu kama mtu anayechagua mayai. Alituambia si baridi ya hewa. Akasema ni ugonjwa wa viungo ambao mwili unajipiga wenyewe, askari wa mwili wamekosea adui. Sababu yake hasa haijulikani. Kuponya kabisa haiwezekani, lakini inaweza kupunguzwa. Halafu akaanza kuuliza maswali, mengi, moja baada ya jingine. Macho yanakauka? Homa? Kwenye ukoo yupo mwingine? Mke wangu alikuwa anajibu vizuri. Daktari akauliza, "Na kinywa, mama? Kuna vidonda, meno kulegea, fizi kutoka damu?"

Wakati ule meno mawili ya mbele ya chini yalikuwa yameshatoka, na mengine yalikuwa yanacheza. Kila asubuhi alitema mate mekundu. Mimi nilijua. Lakini nyuma yetu kwenye benchi alikuwa amekaa mama mmoja wa Kirua, mlango uko wazi, na masikio ya Kirua mimi nayajua. Nikaona ile kata imerudi, imegeuzwa mbele ya watu.

Nikasema, "Kinywa hakina shida. Tumekuja kwa mikono."

Daktari alimwangalia mke wangu. Mke wangu akaangalia sakafu. Daktari akaandika. Ndiyo hayo tu. Hakuna radi iliyopiga. Tulipewa vidonge, tukaambiwa turudi, tukarudi, na kila tuliporudi tulikuwa na karatasi ile ile iliyoandikwa kinywa hakina shida.

Vidonge vilisaidia maumivu, havikunyoosha kitu. Miaka ikapita hivyo. Kahawa ikaanguka bei, watu wakang'oa mibuni usiku ili majirani wasiwaone, wakapanda nyanya. Wanunuzi wapya wakaja na magari yao na mizani yao. Mimi nikazidi kupata, maana mtu akiuza shamba la baba yake hununua geti. Vidole vya mke wangu vikaelekea nje, vyote upande mmoja, kama migomba baada ya upepo. Akajifunza kufungua mlango kwa kiwiko. Nyama akaacha, kisha hata ndizi za kuchoma, akabaki na mtori, supu yetu ya ndizi zilizopondwa, na uji. Nilidhani anakula kama mtoto kwa sababu ya mikono. Kumbe yalikuwa meno.

Nilikuwa na fedha za kutosha kumpeleka popote. Naliandika hilo pia. Sikukosa fedha.

Jino langu mwenyewe ndilo lililonipeleka. Wakati huo mwaka elfu mbili ulikuwa umeshapita, mjini kumefunguliwa vyumba vya madaktari wa meno vyenye viti vya kulala na taa. Nikaumwa gego siku tatu, nikaenda. Daktari alikuwa kijana wa rika la mtoto wangu wa pili, akaniamkia shikamoo, akanilaza, akachungulia. Akasema jino litatoka, ila kuna neno jingine. Fizi zangu zimejaa ugaga. Nikamuuliza ugaga ndiyo nini. Akaniuliza ninafanya kazi gani, nikamwambia.

"Basi ni kutu, mzee," akasema. "Ikikaa inakula chuma kilichoshika geti, si geti lenyewe."

Hapo nikampenda. Akawa anakwangua na kuongea, nami mdomo wazi siwezi kujibu, hali ambayo mke wangu angelipa kuja kuiona. Akauliza kama nyumbani kuna mwenye kisukari. Nikatikisa kichwa. Akauliza kama kuna mwenye baridi yabisi, ile ya vidole kuvimba na kupinda. Nikamshika mkono ili aache kukwangua.

Nikakaa. Nikamwambia eleza.

Akasema yeye si mtaalamu wa viungo, lakini siku hizi wao wa meno wameanza kusikia jambo. Watu wenye fizi mbovu na watu wenye ugonjwa ule wa viungo mara nyingi ni wale wale. Wapo watafiti wanaochunguza. Kuna kijidudu kinachokaa kwenye fizi zilizooza, na inadhaniwa kinaweza kubadilisha kidogo sura ya vitu vya mwili, askari wa mwili wakiviona hawavitambui, wanaanza kuvipiga. Wakishazoea kupiga, hawaishii mdomoni.

Nikamwambia, mwanangu alipokuja toka Dar amevaa koti la mtumba lenye harufu ya watu wengine, mbwa wangu niliyemlea mwenyewe alimng'ata. Ni hivyo?

Akafikiri. Akasema ni hivyo kabisa, na kwamba shuleni hawakumpa mfano mzuri kama huo.

Sikufurahi, ingawa siku nyingine ningefurahi wiki nzima. Nilimsimulia yote, ile damu, yale meno, na maneno matatu. Nilikuwa sijamwambia mtu. Kisha nikamuuliza lile nililotaka kuuliza. Ningesema kweli siku ile, mikono ya mke wangu ingekuwa mizima?

"Mzee, sitakudanganya," akasema. "Hakuna anayejua. Inawezekana fizi zilianza. Inawezekana viungo vilianza, akashindwa kusafisha kinywa. Inawezekana vyote vilitoka kwingine, kwenye ukoo. Ungesema, angetumwa kwetu, tungemsafisha fizi. Angekuwa na meno yake. Hilo ndilo ninaloweza kukuapia."

Ningependa angenitukana. Mtu akikuambia kosa ni lako, unalibeba, unajua uzito wake. Akikuambia haijulikani, unabeba gunia ambalo kila siku lina uzito mwingine.

Nilipanda nyumbani mchana huo huo, shavu limevimba. Nilimkuta amekaa kwenye kibaraza cha ile nyumba yangu ya simenti, upande wa jua, mikono mapajani imegeuzwa viganja juu kama mtu anayengoja kupewa kitu. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele nyeupe. Nikavuta kigoda nikakaa karibu, jambo ambalo sikuwa na kawaida nalo, akaniuliza nani amekufa.

Nikamwambia. Si la vijidudu kwanza. Nilianza na langu. Nikasema, siku ile kwa daktari, alipouliza kinywa, nilisema hakina shida.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimekaa pale pale."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, Fundi? Ulikuwa umeshajibu." Akasogeza kanga kwa kiwiko. "Na ningekuita mwongo mbele ya daktari, nani angenirudisha nyumbani? Gari lilikuwa lako."

Nikamweleza kila alichosema yule kijana wa meno, kijidudu, askari, koti la mtumba na mbwa. Nikamweleza pia kwamba haijulikani. Alisikiliza akiangalia mikono yake, kama ndiyo iliyokuwa inasimuliwa. Nilingoja alie, au aniambie niondoke. Nilikuwa tayari kwa yote mawili.

Akasema, "Hata mimi nilikuwa na mdomo. Wewe ulisema uongo mara moja. Mimi niliunyamazia kila tuliporudi pale." Halafu akaniuliza kwa sauti ile aliyokuwa akitumia kwa wateja wa mbege, kama huyo daktari wa meno anamsubiri au alikuwa ananipigia hadithi tu.

Tukaenda wiki ile ile. Yalitolewa meno matano, yaliyobaki yakakwanguliwa, tukarudi mara tatu. Daktari wa viungo tukamwona pia, mwingine, na safari hii karatasi iliandikwa kweli tupu, aliisema yeye mwenyewe na mimi nikiwa nje ya mlango.

Nitasema kilichotokea na kisichotokea. Vidole havikunyooka. Kila asubuhi kwa miezi niliviangalia kwa kuiba, nikidhani hajui. Asubuhi nyingine alisema mikono ni myepesi leo, akafunga vifungo vya gauni mwenyewe, nikashinda mjini nikiimba. Kesho yake anashindwa kushika kikombe. Kama ni fizi, kama ni vidonge vipya, kama ni kiangazi, sijui, na yule kijana hakujua. Damu ndiyo iliyoisha. Na alikula nyama ya mbuzi Pasaka, iliyokatwa ndogo, akatafuna kwa upande mmoja muda mrefu kabla ya kumeza, hakutaka iishe.

Lakini daktari alikuwa ametoa sharti. Kinywa kisafishwe kila siku, vizuri, la sivyo kutu inarudi. Na mke wangu hakuweza kushika mswaki. Nilimtengenezea mmoja, nikavalisha mshikio wa baiskeli ili uwe mnene. Aliushika, lakini bega halikupanda. Akajaribu siku tatu. Siku ya nne nikamwambia lete.

Akakataa. Alisema amezaa watoto saba na hajawahi kuchunguliwa mdomoni na mwanamume. Nikamwambia fungua. Akafungua kidogo, kama mlango wa mtu anayedaiwa. Nikaingiza mswaki, nikaanza kazi kama ninavyoijua kazi.

Akanipiga kiwiko. Akatema. "Taratibu. Hilo si geti."

Nikajifunza. Mimi, mtu wa kuchomelea, nikajifunza kuzungusha mswaki kwa ncha za vidole, jino moja moja, ndani na nje, nikimshika kidevu kwa mkono wa kushoto, yeye amekaa kwenye kigoda jikoni baada ya chai ya asubuhi. Mke wa mdogo wangu alitufuma siku moja alipokuja kuomba moto. Akasimama mlangoni, akarudi nyuma bila kusema, na ilipofika jioni Kirua yote ilikuwa na habari kwamba nimelishwa dawa. Wanaume wa kilabu wakaniuliza kama na miguu ninamwosha. Nikawaambia ndiyo, na mgongo, na kesho namwonjea mbege tena, kuna anayetaka kuongeza?

Tukawa tunaongea pale. Zaidi ya miaka thelathini ya ndoa tulikuwa hatujawahi kuwa na saa yetu ya kuongea. Ninapiga mswaki, anatema, anasimulia kidogo, nampiga mswaki tena anyamaze. Hadithi moja ilichukua siku tatu. Nilijua mambo ya utoto wake ambayo sikuwahi kuyauliza. Nilijua kwamba siku niliyomkuta chini ya migomba, alipoacha mbege, alikuwa anafikiria kurudi kwao, na hakurudi kwa sababu hakuona jinsi ya kubeba nguo. Aliniambia hivyo na povu mdomoni. Niliendelea kusugua, maana ningefanya nini?

Na siku moja nilimwambia jambo la kipuuzi, hata silikumbuki vizuri, la mteja aliyeagiza geti kubwa kuliko ukuta wake. Akacheka kabla hajatema. Kichwa juu, mdomo wazi wote, meno machache, povu kidevuni, na sauti ile ikatoka ikapita dirishani. Haikufika ng'ambo ya mfereji, hakuwa na pumzi hiyo tena. Ilifika bandani, ng'ombe akageuka.

Tulipata miaka mitatu na miezi kadhaa ya hivyo. Alikufa wakati wa masika, kifua, siku tano tu, na madaktari walisema si mambo ya viungo wala ya meno. Nimeacha kuwauliza watu maswali ya namna hiyo. Watoto walikuja, nyumba ya simenti ikajaa, wakaondoka.

Sasa asubuhi nikishakunywa chai nasafisha meno yangu. Haichukui muda. Mkono wa kulia una kazi yake. Huu wa kushoto, uliokuwa unamshika kidevu, unapanda wenyewe mpaka nusu ya njia, unakuta hewa, nami nasimama pale jikoni sijui niuweke wapi.